Mtoto Asiyekaza Shingo: Jinsi Madaktari Wanavyopima Kimeng'enya Ndani Kabisa ya Ubongo

  Kama una kazi mkononi endelea nayo, mradi sikio liko huku.

Leo tuanze na mtoto ambaye huenda umewahi kumwona, hata kama si wako. Amezaliwa salama, amelia, amenyonya. Mwezi wa pili unapita, wa tatu, wa nne, na shingo haijakaza. Ukimwinua kwa mikono yake, kichwa kinabaki nyuma. Ukimbeba kifuani anateleza kama nguo iliyolowa. Halafu siku moja macho yanapanda juu na kubaki huko. Mwili unajipinda, ulimi unatoka, mtoto analia. Unangoja iishe kama degedege la homa, lakini haiishi. Inaendelea saa nzima, pengine saa tatu au nne. Kisha mtoto anapata usingizi, na akiamka ana nafuu. Baada ya siku chache hali ile inarudi.

Mama wa mtoto kama huyu huambiwa mengi. Jirani atasema ni pepo. Mama mkwe atauliza kwenu kuna ugonjwa gani. Hospitalini huenda akaandikiwa dawa ya kifafa, naye ataitumia mwezi baada ya mwezi asione tofauti. Sisemi daktari amekosea. Mara nyingi ni kifafa kweli, na dawa inasaidia. Lakini kuna watoto wachache sana ambao hawana kifafa hata kidogo. Wana upungufu wa kitu kimoja kidogo mno kinachofanya kazi katikati ya ubongo, na kitu hicho huitwa kimeng'enya. Hicho ndicho tutakachozungumzia leo: ni nini, kinakaa wapi, na wataalamu wanawezaje kukipima ndani ya kichwa cha mtu aliye hai bila kukipasua.

Kimeng'enya unakijua, ila labda hujawahi kukiita kwa jina. Chukua kipande cha mkate au ugali mtupu, bila mboga. Kitafune polepole bila kumeza, kwa muda wa dakika moja hivi. Utasikia utamu unakuja mdomoni. Hukuongeza sukari. Ndani ya mate yako mna kimeng'enya kinachokata wanga wa ule ugali na kuugeuza kuwa sukari. Kwa hiyo kimeng'enya ni kama mpishi: anapokea kitu kimoja, anatoa kingine, naye mwenyewe anabaki jikoni akingoja kinachofuata. Mwili una maelfu ya wapishi wa aina hii, na kila mmoja ana kazi yake moja. Mpishi wa mate hajui kazi ya mpishi wa ubongo.

Mpishi tunayemtaka leo ana jina refu, na madaktari humwita kwa herufi nne tu: AADC. Kazi yake inaanzia kwenye chakula. Ukila maharagwe, mayai, maziwa au samaki, mwili unapata malighafi fulani ambayo mpishi wa kwanza huigeuza kuwa levodopa. Kisha AADC anaichukua levodopa na kuifanya dopamini. Ni huyuhuyu AADC anayekamilisha kemikali nyingine iitwayo serotonini, inayohusika na usingizi na hali ya moyo. Bila yeye vyote viwili vinakwama mlangoni. Malighafi zinarundikana, chakula hakipakuliwi.

Dopamini ni ya nini? Tuingie kichwani kidogo. Weka kidole kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio. Ungeweza kwenda moja kwa moja ndani, sentimita kadhaa, ungefika kwenye fungu la chembe za neva liitwalo putameni. Liko moja kila upande. Jina hilo ni la Kilatini na maana yake ni ganda. Putameni si mahali pa akili za darasani, wala haitoi nguvu za misuli. Kazi yake ni kusaidia kuamua mjongeo upi uanze, upi usimame, na uende kwa ulaini kiasi gani. Mtoto anaponyoosha mkono kukamata kijiko, putameni inafanya kazi. Anapoinua kichwa kumtazama babake akiingia, inafanya kazi pia. Na ili ifanye kazi hiyo inahitaji dopamini, inayoletwa na nyuzi za neva kutoka sehemu ya chini zaidi ya ubongo. Ni kwenye ncha za nyuzi hizo, ndani ya putameni, ambako mpishi AADC anatakiwa awe na shughuli nyingi.

Niseme jambo moja hapa kabla sijasahau. Jirani wa karibu kabisa wa putameni, upande wa ndani, ndiye anayeumizwa na umanjano mkali wa mtoto mchanga. Tukikuhimiza umkimbize hospitali mtoto mwenye macho na ngozi ya manjano katika siku zake za kwanza, tunafikiria eneo hilohilo la ubongo. Umanjano huo hutibiwa kwa taa maalum, na wengi hupona kabisa wakiwahi. Huko kuchelewa kwa siku moja kunaweza kuwa na maana kubwa.

Sasa, utajuaje kama mpishi yupo jikoni, na jikoni kwenyewe kumefungwa ndani ya fuvu? Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja tu: kungoja mtu afe. Katika mji wa Vienna, Austria, mwanasayansi Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer walipima vipande vya ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule unaowafanya wazee watetemeke mikono na kutembea kwa hatua fupifupi. Mwaka 1960 walitangaza kwamba dopamini ilikuwa imepungua sana katika putameni na sehemu inayopakana nayo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1970, Hornykiewicz na Kenneth Lloyd wakachapisha vipimo vya mpishi mwenyewe, yule AADC, kipande kwa kipande. Hiyo ilikuwa ramani ya kwanza ya namna yake. Ilionyesha mahali anapofanya kazi kwa wingi, na jinsi shughuli zake zinavyoshuka kwa mgonjwa wa Parkinson. Ramani nzuri, lakini ya marehemu. Haimsaidii mama mwenye mtoto mapajani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Huko watafiti walitengeneza levodopa yenye alama na kuitumia kupiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai.

Nieleze kwa mfano wa jikoni. Tuseme unataka kujua kama kuna mtu anayepika katika nyumba iliyofungwa. Unapitisha chini ya mlango unga uliotiwa rangi. Baada ya muda unachungulia kwa dirishani. Ukiona ugali wa rangi umejaa sufuriani, unajua mpishi yupo, na unajua yuko chumba gani. Ukiona unga umetapakaa ovyo na sufuria tupu, mpishi hayupo.

Unga wenye rangi ndio hiyo levodopa yenye alama, iitwayo florodopa. Alama yake ni chembe ya florini yenye mnururisho kidogo, ambayo nguvu yake inapungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Mgonjwa anadungwa sindano kwenye mshipa wa mkono. Dawa inasafiri na damu, inapenya ubongoni, na pale ilipo AADC inageuzwa kuwa dopamini yenye alama na kuhifadhiwa kwenye ncha za neva. Mgonjwa analala ndani ya mashine yenye duara kubwa, iitwayo kamera ya PET. Kila alama inapolipuka hutoa miale miwili inayokimbia pande zinazopingana. Kamera inaikamata yote miwili kwa pamoja na kompyuta inahesabu ilitokea wapi. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi picha inakuwa tayari.

Kwa mtu mzima mwenye afya, picha hiyo inaonyesha maumbo mawili yanayong'aa katikati ya ubongo, moja kila upande, kama korosho mbili. Kwa mgonjwa wa Parkinson mkia wa korosho ndio unaoanza kufifia, yaani sehemu ya nyuma ya putameni. Wewe unayemtunza baba au mama mzee anayetetemeka, hiyo ndiyo sababu levodopa ya vidonge inamsaidia: neva zimepungua lakini zilizobaki bado zina mpishi, kwa hiyo ukiongeza malighafi, chakula kinaongezeka. Na kwa kuwa mtu ataniuliza: ndiyo, upupu, ule mmea unaowasha, mbegu zake zina levodopa kweli. Usimpe mgonjwa wako. Kipimo chake hakijulikani kutoka mbegu hadi mbegu, na akiwa tayari anameza vidonge vya hospitali unaweza kumdhuru.

Turudi kwa mtoto wetu. Mwaka 1990, jijini London, madaktari Keith Hyland na Peter Clayton waliandika habari za watoto mapacha waliokuwa wamelegea tangu miezi ya mwanzo, na macho yao yalikuwa yakipanda juu kwa vipindi. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakakuta malighafi zimerundikana na dopamini ni kidogo mno. Mpishi AADC ndiye aliyekosekana. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kutambuliwa. Tangu wakati huo wamepatikana wengine katika nchi nyingi, lakini dunia nzima wanahesabiwa kwa mamia tu. Wengi zaidi wametoka Taiwan na sehemu nyingine za Asia Mashariki.

Ubongo wa watoto hawa una jambo la kushangaza. Ukiupiga picha kwa mashine ya kawaida ya MRI, mara nyingi unaonekana mzima. Neva zipo, zimejipanga. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, mara nyingi hakionyeshi kifafa hata wakati macho yamepanda. Lakini ukimpiga picha ya PET kwa florodopa, zile korosho mbili hazipo. Pale panapotakiwa kung'aa pana giza. Na sasa unaelewa pia kwa nini vidonge vya levodopa havimsaidii mtoto huyu kama vinavyomsaidia babu yake: unaleta unga kwenye nyumba isiyo na mpishi.

Giza hilo, hata hivyo, liliwapa madaktari wazo. Kama nyumba ni nzima na kinachokosekana ni mpishi mmoja, je, hawezi kupelekwa? Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, jijini Taipei, daktari Wuh-Liang Hwu na wenzake walichukua jeni nzima inayotoa maagizo ya kutengeneza AADC, wakaipakia ndani ya virusi visivyoleta ugonjwa, na kuipeleka kwa upasuaji, kupitia mrija mwembamba, hadi ndani ya putameni za pande zote mbili. Matokeo ya watoto wanne wa kwanza, wenye umri wa miaka 4 hadi 6, yalichapishwa mwaka 2012. Mmoja wao aliweza kusimama miezi 16 baada ya upasuaji. Watatu wengine walifika hatua ya kukaa wakishikiliwa. Mtu mwingine atasema hayo ni machache. Mama aliyembeba mtoto wa miaka mitano kama mtoto wa mwezi mmoja hatasema hivyo.

Halikuwa jambo la raha tupu. Watoto wote wanne walipata mijongeo ya ovyo ya mikono na miguu baada ya matibabu, kama mtu anayecheza bila kutaka, kisha ikaisha baada ya miezi kadhaa.

Na walijuaje kwamba nafuu ile ilitoka kwenye jeni, si bahati wala mazoezi? Waliwarudisha kwenye kamera ya PET. Putameni, zilizokuwa na giza, zilikuwa zimeanza kung'aa. Mpishi amefika na anapika. Watoto waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5 wameonekana kuendelea kutengeneza dopamini. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa dawa iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024. Kiasi kinachoingizwa ubongoni hakifiki hata nusu mililita, matone machache tu. Pia imeonekana kwamba anayetibiwa akiwa mdogo hupata nafuu kubwa zaidi.

Mama, sitakudanganya. Dawa hiyo huko Uingereza iliwekewa bei ya karibu pauni milioni 3 kwa mtoto mmoja. Hutaipata katika hospitali ya kaunti. Kamera za PET zipo Nairobi siku hizi, lakini kazi yake kubwa ni wagonjwa wa saratani. Basi kwa nini nimekuletea habari hizi?

Kwa sababu sehemu ya kwanza ya safari hii haikuhitaji mashine yoyote. Ilihitaji mtu aliyemtazama mtoto vizuri. Watoto hawa hupotea katika lundo la kifafa na la mtindio wa ubongo kwa miaka kwa kuwa daktari anamwona mtoto kwa dakika kumi, na katika dakika hizo kumi macho yako sawa. Wewe ndiye unayekuwa naye saa nyingine zote.

Kwa hiyo hali ile ikitokea, kwanza mlaze ubavu na uhakikishe anapumua vizuri. Akipumua kwa shida, akibadilika rangi, akipoteza fahamu, au kama ndiyo mara ya kwanza kuona jambo hili, nenda hospitali mara moja. Kama ameshaonekana na daktari na hali ni ileile unayoijua, chukua simu umpige video. Onyesha uso na macho, kisha mwili mzima. Kama huna simu ya video, azima ya jirani. Andika nyuma ya kijitabu chako cha kliniki tarehe, saa iliyoanza na saa iliyoisha. Andika kama mtoto alikuwa akikusikia na kukutazama wakati ule, maana mwenye upungufu wa AADC kwa kawaida hapotezi fahamu. Andika kama hali huwa mbaya zaidi jioni akiwa amechoka na kama usingizi unaituliza. Pia mwambie daktari kama pua huziba kila wakati bila mafua, kama hutoka jasho jingi bila joto, na kama kope zinalegea. Mambo haya madogo mama huyaacha nyumbani kwa kuona hayahusiani na shingo. Yanahusiana.

Usisimamishe dawa ya kifafa kwa sababu ya mazungumzo haya. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege la hatari. Iendeleze, peleka video, na uulize, "Daktari, je, inaweza kuwa kitu kingine?" Omba barua ya kwenda kwa daktari wa neva za watoto. Watoto wengi waliolegea watakutwa na sababu nyingine, kama kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano uliochelewa kutibiwa, au ugonjwa wa misuli, na kila moja ina msaada wake. Mtoto ambaye kichwa hakijatulia akifika miezi minne, au hakai peke yake akifika miezi tisa, asingojewe "atakaza tu". Mpeleke.

Kipimo cha kuanzia cha AADC si lazima kiwe maji ya mgongo, ambayo najua wengi wenu mnayaogopa. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kuonyesha zile malighafi zilizorundikana. Karatasi hiyo akina mama wengi wa Kenya mnaifahamu. Ni kama ile ya kisigino cha mtoto inayotumika kupima virusi vya ukimwi. Taiwan walipima hivyo watoto wachanga kama 128,000 kati ya mwaka 2013 na 2015, wakapata wanne wenye upungufu huu. Majibu yakithibitishwa kwa kipimo cha jeni, zipo dawa za kumeza ambazo mtaalamu anaweza kujaribu, pamoja na vitamini B6 ambayo AADC huitumia katika kazi yake. Zinasaidia baadhi ya watoto, kwa kiasi. Usinunue vitamini B6 dukani ukampa mwenyewe, kwani ikizidi inadhuru neva.

Limebaki swali la mama mkwe. Upungufu huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja yenye kasoro bila kuumwa hata siku moja. Mtoto akipata zote mbili ndipo anaugua, na uwezekano huo ni mmoja kati ya wanne kwa kila mimba, upya kila mara. Ndoa za binamu huongeza nafasi ya wawili wenye kasoro ileile kukutana. Haukuletwa na chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala dawa ya kupanga uzazi, wala jicho la mtu. Nusu imetoka kwa mama na nusu kwa baba, na baba aliye karibu na redio asikie hivyo.

Wiki ijayo tutalichukua lile jambo la umanjano nililoligusa katikati: jinsi ya kumkagua mtoto mchanga kwenye mwanga wa jua la asubuhi, na ni saa ngapi ya kutoka nyumbani. Hadi wakati huo, kwaheri ya kuonana.